Homa moja, moyo wa kaka na moyo wa dada

Leo hatuandiki juu ya safari wala juu ya karatasi. Tunaandika juu ya moyo. Sio moyo wa mapenzi, hapana. Ule msuli wenyewe ulioko kifuani, ukubwa wa ngumi, unaosukuma damu usiku na mchana bila kudai posho.

Kwetu neno moyo ni sifa. Ukisema fulani ana moyo, maana yake anavumilia. Mvulana akipata homa anaambiwa jikaze, wewe mwanaume. Msichana akisema kifua kinabana anaambiwa apunguze mawazo. Maneno haya mawili tumeyasikia tangu Uvira, tangu Bujumbura, tukayabeba mpaka Malawi pamoja na masufuria. Sasa kuna ugonjwa mmoja ambao maneno haya yanausaidia kuua watu. Madaktari wanauita miokadaitisi, yaani kuvimba kwa msuli wa moyo. Mara nyingi unaletwa na virusi, tena vile vya kawaida vya mafua na vya tumbo, na hauwapigi wanaume na wanawake sawasawa.

Tulianza kuufuatilia kwa sababu ya kaka na dada wa nyumba moja, wote wawili wako kwenye kikundi chetu. Majina tunayaacha. Wenyewe wameruhusu tusimulie.

Kaka ana miaka 22, winga wa kushoto, waliomwona uwanjani wanajua mbio zake. Dada ana 20. Wanaishi na bibi yao. Mwaka jana mwezi wa tano, msimu wa tumbaku, Kanengo ilikuwa inawaka: malori yanaingia, marobota yanashushwa, na mwenye mgongo mzima hakosi ganyu. Mnajua wenyewe hali ilivyo. Tangu serikali ilipotoa amri mwaka 2023 kwamba wakimbizi wote warudi kambini, kwenda kutafuta kibarua mjini ni kwa kunyatia. Lakini chakula cha msaada kimepunguzwa, na tumbo halisomi amri.

Wiki hiyo homa ikaingia nyumbani kwao. Mafua, mwili kuuma, tumbo kuharibika. Dada akalala siku nne, akanywa chai ya tangawizi, akaamka. Kaka hakulala hata siku moja. Alikuwa ameahidiwa siku tano za kushusha marobota, na ukikosa siku moja nafasi yako anapewa mwingine. Akaondoka saa kumi alfajiri na homa yake, akapanda minibasi, akabeba. Siku tano hivyo. Jumapili akacheza mpira, maana ilikuwa nusu fainali na hakuna winga mwingine. Kipindi cha pili akakaa chini katikati ya uwanja, watu wakafikiri ni mkazo wa msuli wa mguu.

Usiku hakuweza kulala chali. Akilala tu, pumzi inakata. Akakaa ameegemea ukuta mpaka asubuhi. Dada yake ndo aliyesema, "Kaka, hii sio malaria." Walipoenda kutibiwa, kipimo cha malaria kilisema hakuna, akapewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Siku ya tatu miguu ikavimba. Hapo ndo akapelekwa hospitali kubwa, wakampima umeme wa moyo, wakauangalia moyo kwa ultrasaundi. Daktari alikuwa anaongea Chichewa na Kiingereza, na dada mmoja wa kikundi chetu aliyesomea uuguzi Bukavu akawa anatafsiri. Moyo umevimba, umelegea, unasukuma kama nusu tu ya unavyotakiwa kusukuma.

Kambini maneno yakaanza. Kuna waliosema amerogwa na timu pinzani. Kuna waliomcheka: dada yako kaugua homa hiyohiyo kapona kwa chai, wewe mwanaume mzima umelazwa? Bibi yao naye aliuliza swali hilo, ila yeye aliuliza kwa uchungu, hakuwa anacheka. Daktari alimjibu kwa kifupi tu: "Bibi, ugonjwa huu unapenda vijana wa kiume." Sisi jibu hilo halikututosha. Tukachanga bando, yaya wa Bukavu akatuongoza kusoma, na haya ndo tuliyoyapata.

Kwanza virusi vyenyewe. Kuna kundi linaloitwa virusi vya Coxsackie, jina la mji mdogo wa jimbo la New York, kwa sababu ndiko vilikogunduliwa mwaka 1948, kwenye choo cha watoto wawili waliokuwa na ulemavu unaofanana na polio. Ni ndugu wa polio kabisa, ukoo mmoja. Na polio tunaikumbuka hapa: Februari 2022 Malawi ilitangaza mlipuko baada ya mtoto mmoja wa Lilongwe kupooza, wakati Afrika ilikuwa imeshatangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Wakaanza kupita na matone nyumba kwa nyumba. Ukoo huu wa virusi unapita kwenye mikono, mate, vyoo na maji machafu. Tunakaa zaidi ya watu elfu hamsini kwenye kambi iliyopangwa kwa watu kama elfu kumi hivi, tunapanga foleni kwenye bomba moja, tunagusa mpini uleule. Kwa hiyo tusifikiri ni ugonjwa wa Ulaya. Virusi vya mafua makali vinaweza kufanya hivyo hivyo, na UVIKO pia.

Watu wengi wakiambukizwa Coxsackie hawapati kitu zaidi ya homa ya siku chache. Kwa wachache virusi vinaingia kwenye msuli wa moyo. Kinga ya mwili inatuma askari wake, vita inapiganwa ndani ya moyo, na nyumba inaharibika kwa vita kama vile nyumba zetu zilivyoharibika: hazikubomolewa na adui peke yake, zilibomolewa pia na waliokuja kumfukuza. Msuli unavimba, unasukuma kwa udhaifu. Maji yanabaki kwenye mapafu, ndo maana mtu hawezi kulala chali. Mengine yanashuka miguuni. Na umeme wa moyo unaweza kuvurugika, moyo ukasimama ghafla. Wengi wanapona kabisa. Baadhi wanabaki na moyo mpana uliolegea maisha yote. Wachache wanakufa, na mara nyingine wanakufa wakiwa wanakimbia.

Sasa swali la bibi. Kati ya wagonjwa wa miokadaitisi, wanaume ni wengi kuliko wanawake, wanakaribia wawili kwa mmoja, na tofauti inakuwa kubwa zaidi kwa vijana waliokwisha kubalehe. Tulidhani ni kwa sababu wanaume wanabeba mizigo na wanachelewa hospitali. Hiyo ipo, na tutaisema. Lakini watafiti waliuona ugonjwa huu pia kwenye panya wa maabara, na panya dume hafanyi ganyu Kanengo.

Tangu miaka ya 1980 Sally Huber wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, na baadaye DeLisa Fairweather na wenzake, wamekuwa wakiwaambukiza panya virusi vya Coxsackie B3. Madume mioyo yao inavimba kuliko majike. Wakiwahasi madume, uvimbe unapungua. Wakiwapa majike testosteroni, yaani homoni ya kiume, uvimbe unaongezeka. Kilichotushangaza zaidi ni hiki: katika baadhi ya majaribio virusi vilivyokutwa kwenye moyo wa dume na wa jike vilikuwa sawa kwa wingi. Kwa hiyo dume hakuingiliwa na adui wengi zaidi. Askari wake ndo walipigana kwa hasira zaidi, na hawakujua kuacha. Homoni ya kiume inawachochea seli zinazowasha moto, halafu inasaidia makovu kujengeka kwenye msuli. Estrojeni ya kike inatuliza, inaita zaidi zile seli zinazowaambia wengine basi, imetosha. Ndo maana kwa wanawake hatari inapanda tena kidogo wakishafika umri wa hedhi kukoma, wakati estrojeni imeshuka.

Yaya alipotafsiri sehemu hii wavulana walinyamaza. Mmoja akasema, kumbe nguvu yenyewe ndo inatuumiza. Tulicheka, lakini sio sana.

Na kuna jaribio la zamani zaidi, la mwaka 1970. Panya walioambukizwa Coxsackie B3 walilazimishwa kuogelea wakiwa wagonjwa. Ugonjwa ukawa mkali zaidi na moyo ukaharibika zaidi kuliko kwa wale walioachwa wapumzike. Soma hapo halafu mfikirie mtu na marobota yake siku tano, kisha nusu fainali.

Wapo mtakaosema, mbona wachezaji wakubwa hawaugui? Wanaugua. Alphonso Davies wa Bayern Munich mnamjua. Mtoto wa kambi kama sisi, alizaliwa mwaka 2000 kambi ya Buduburam, Ghana, wazazi wake wakimbizi wa Liberia, wakahamia Kanada akiwa mdogo. Leo ni balozi wa UNHCR. Januari 2022 alipata UVIKO, na alipotaka kurudi mazoezini wakampima moyo wakakuta umevimba kidogo. Kidogo tu, hakuwa amezimia wala nini. Wakamtoa uwanjani. Alirudi Aprili, dhidi ya Villarreal, miezi mitatu baadaye. Marc-Vivien Foé, ambaye wazee wetu humtaja kila mtu akianguka uwanjani, alikuwa na ugonjwa mwingine: msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kiasi, haukuwa uvimbe wa virusi. Tusichanganye.

Tofauti ya Davies na kaka yetu sio moyo. Davies alipimwa kabla hajakimbia, na alipoambiwa pumzika, mshahara uliendelea. Madaktari husema mwenye miokadaitisi asifanye michezo mizito wala kazi nzito kati ya miezi mitatu na sita, kisha apimwe tena. Mwambie hivyo kijana ambaye unga wa nyumbani unatoka mgongoni kwake. Kaka alipoambiwa, aliuliza swali moja tu: "Nani atabeba?" Daktari akaangalia chini. Hilo sio swali la hospitali.

Sasa upande wa dada zetu, maana hapa ndo tunaona watu wanakosea zaidi. Wakisikia ugonjwa unapenda wanaume, wanasema basi wanawake hawana. Kupungua sio kutokuwepo. Na mwanamke anayeupata mara nyingi hasemi kifua kinauma kama mwanaume. Anasema nimechoka, napumua kwa shida, na akisema hivyo jibu liko tayari: mawazo, presha, damu kidogo.

Tena kuna udhaifu mwingine wa moyo ambao ni wa wanawake tu, na Waafrika tunaupata kuliko wengi. Unamjia mama mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Moyo unapanuka, unalegea, bila kuwa na ugonjwa zamani. Kaskazini mwa Nigeria na Haiti unaonekana sana. Baadhi ya watafiti wamewahi kukuta virusi kwenye vipande vya misuli ya mioyo hiyo, wakashuku virusi vina mkono. Wengine, akiwemo Karen Sliwa wa Cape Town, wamefuata njia ya prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo ikikatika vipande inaumiza mishipa midogo ya moyo. Hapo homoni za kike hazilindi, zinageuka. Kwa hiyo msimwambie dada yako eti mwili wake una kinga.

Jirani yetu mmoja alijifungua, mtoto akawa na wiki sita, mama miguu imevimba mpaka kandambili haziingii, usiku anakaa amejifunika chitenje ameegemea mlango ili apumue. Akina mama wakasema ndo uzazi, atazoea, mpeni uji. Yule dada wa winga alimwona, akakumbuka kaka yake kwenye ukuta. Akawaambia, "Mama zangu, huyu hapumui kama kaka yangu alivyokuwa hapumui." Wakampeleka siku hiyohiyo kwa kabaza mpaka barabarani. Sasa anatumia dawa, mtoto ananenepa, na ameambiwa asibebe mimba nyingine kabla ya kupimwa moyo. Hilo la mwisho mume wake bado analijadili na wazee. Sisi tuna maoni yetu, tumemwambia.

Neno juu ya chanjo, maana najua litaletwa hapo chini. Ni kweli chanjo za UVIKO za aina ya Pfizer na Moderna zilisababisha uvimbe wa moyo kwa watu wachache sana, na hao wengi walikuwa wavulana na vijana wa kiume, hasa siku chache baada ya dozi ya pili. Israeli waliliona mapema mwaka 2021. Wengi wao walipona haraka. Unaona ni mtindo uleule, kaka kuliko dada. Lakini ukihesabu watu wote kwa jumla, UVIKO wenyewe unaumiza moyo mara nyingi kuliko chanjo. Na wale wanaosema chanjo ya kwanza iliyoletwa hapa Machi 2021 ndo iliharibu mioyo ya vijana: ile ilikuwa AstraZeneca, sio aina hiyo, na uvumi ulivyokuwa mkali dozi 19,610 ziliisha muda wake zikachomwa moto Lilongwe mwezi wa tano mwaka huohuo. Kwa hiyo iliyochomwa haikumdhuru mtu, haikumsaidia mtu pia.

Dalili mzijue kwa lugha ya nyumbani. Homa au mafua au kuharisha, halafu baada ya siku kadhaa au wiki mbili kifua kinauma au kinabana, moyo unakimbia ukiwa umekaa, unaruka mapigo, pumzi inakata ukilala chali, miguu inavimba, unazimia, au unachoka kupanda kilima ambacho juzi ulipanda ukiimba. Kipimo cha malaria kikisema hakuna, usiishie hapo. Sema neno moyo. Sema, "Nilikuwa na homa wiki iliyopita na sasa siwezi kulala chali." Yaya anasema sentensi hiyo inamfanya mhudumu aliyechoka ainue kichwa. Hata kama huna Chichewa, onyesha kwa mikono: lala, pumzi, hapana.

Kaka yuko nyumbani mwezi wa tisa sasa. Kipimo cha mwisho kilionyesha moyo umepanda, haujafika. Anapika, anachota maji kwa ndoo ndogo, na dada ndo anatoka kuuza mandazi. Watu wa mtaa wamecheka mpaka wamechoka. Yeye anasema maharage yake sasa yanashinda ya bibi, na bibi hakubali. Kila mwezi tunachanga kwacha za nauli aende kuchukua dawa; wanaotaka kuchangia wanajua pa kutupata.

Na timu tumewekeana sheria, kapteni ametia sahihi kwenye daftari: aliyekuwa na homa hachezi mpaka ipite wiki mbili, hata kama ni fainali, hata kama anaapa kwa mama yake amepona. Dada wa winga ndo anashika daftari, kwa sababu yeye habembelezeki. Jumapili iliyopita golikipa alikuja anakohoa, macho mekundu, akasema ni vumbi. Dada akamshika paji la uso mbele ya watu wote, akamwambia akae. Akaingia beki golini. Tulifungwa tatu bila, na golikipa bado hajaongea naye.